Kitanda Nilichomchongea Binti Yangu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimesema hivyo mbele ya watu wengi, na hakuna aliyenibishia, kwa sababu wanajua nilikotoka. Nimeanza kwa kubeba magunia stesheni ya Mpanda, nikiwa na darasa la tatu na kaptula moja. Nimeona behewa zima la mahindi likiozea kwenye mvua huku wenye suti wakibishana nani asaini. Nimeingia chooni alfajiri nikamkuta fisi amenitangulia. Nimenunua mashine ya kusaga kwa jasho langu, pale Makanyagio, na baada ya miaka mitatu nikanunua ya pili, wakati waliosoma hadi darasa la kumi na mbili walikuwa wananiomba unga wa mkopo. Mtu aliyepita huko ashangae nini tena?

Kuchukizwa, hilo ni jambo jingine. Mimi nachukizwa upesi. Mama watoto anasema nilizaliwa nimekunja pua.

Na kinyaa ndicho kilichoniingiza kwenye useremala. Nilinunua seti ya makochi kwa fundi mmoja wa mjini, fundi mwenye maneno matamu kuliko asali ya Inyonga. Jumapili moja katekista akaja kutusalimia, akakaa, mguu wa kochi ukakatika, mzee wa watu akaenda chini na chai yake. Nikaligeuza lile kochi nione limeumbwaje. Mguu ulikuwa na ufa tangu zamani. Fundi alikuwa ameupigilia misumari mitatu, akaziba ufa kwa gundi na vumbi la msumeno, halafu akapaka dawa ya viatu ili rangi ifanane. Nikachana kitambaa cha chini. Ndani alikuwa amejaza nyasi na vipande vya gunia la dagaa. Magamba bado yalikuwepo. Mende wakatoka familia nzima, baba, mama na watoto, wakaelekea chini ya kabati langu kama watu wanaohamia kijiji kipya.

Nilitapika. Sioni haya kusema. Miezi minane tulikuwa tumekalia uchafu ule tukiwakaribisha wageni.

Nikaapa kwamba hakuna kiti cha mtu kitakachoingia tena nyumbani kwangu. Nitatengeneza mwenyewe. Watu wakacheka, kwamba mwenye mashine sasa anataka na kazi ya maseremala, wao wale nini? Sikuwa nataka kuuza. Nilitaka kujua tu kama mkono uliobeba magunia unaweza kufanya kitu safi.

Nikanunua msumeno, randa, patasi tatu na nyundo ya mti. Kila Jumapili baada ya misa, mashine zikiwa zimelala, nilifungua mlango wa nyuma nikaanza. Hakuna aliyenifundisha. Nilichora kwa mkaa kwenye ukuta wa chumba cha mashine, kiti kwa upande, kiti kwa mbele, kiti kwa juu, hadi ukuta ukawa kama umeandikwa na watoto. Kiti cha kwanza kilikuwa na miguu minne ya marefu manne. Nikapunguza mmoja, wa pili ukawa mrefu, nikapunguza huo, nikaendelea hivyo hadi kikawa kiti cha kukalia kuku. Tulikifanya kuni tukapikia maharage. Cha pili nacho tulipikia. Cha tatu kilisimama, ila ukikikalia kinalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Kazi ngumu ni maungio. Seremala mvivu anapiga msumari. Mimi sikutaka msumari hata mmoja. Nilitaka mti uingie ndani ya mti: upande huu unachonga ulimi, upande ule unatoboa tundu, na vikikutana vibanane bila kupasuana. Ukikosea upana wa uzi mmoja, kinacheza. Ukizidisha, mbao inapasuka wakati wa kugonga na kazi ya Jumapili tatu imekwenda. Nilipasua nyingi. Vumbi la mninga liliniwasha pua hadi nikawa napiga chafya kanisani, padri ananitazama. Lakini mwaka wa pili niliweza. Nilitengeneza viti sita na meza, na mpaka leo vipo. Njoo uvitikise.

Basi binti yangu wa kwanza akaposwa.

Waliomposa ni watu wa ng'ombe, waliohamia kutoka kaskazini na kukaa Mwamkulu, watu wenye mazizi makubwa na maneno machache. Sisi ni watu wa Mpimbwe, wa mpunga na rozari. Nilitaka waone kwamba binti hatoki kwa mtu wa hivi hivi. Nikatangaza siku ya mahari, mbele ya wote, kwamba kitanda cha maharusi nitakitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Dada yangu, yeye ndiye shangazi wa bibi harusi na msimamizi wa mambo yote, alinivuta hadi nyuma ya jiko.

"Kaka, umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi umerogwa. Kitanda ananunua mwanaume. Tangu lini baba anahangaika na mahali atakapolala binti yake na mumewe? Mtengenezee kabati."

"Kabati kila mtu ana kabati."

"Na kitanda hicho ukishakitoa, wakishakilalia, wewe hukigusi tena. Hata kikivunjika. Hata chumba hicho huingii. Unalijua hilo?"

"Dada, kitanda changu hakivunjiki."

Akasema, "Haya, fundi," akaenda kugawa wali.

Nikaenda kwa wapasua mbao waliokuwa wamepiga kambi njia ya Kasekese. Pale nikapata mninga mzuri, na hapo ndipo nikapata wazo langu, ambalo sikuwa nimeliona kwa fundi yeyote wa Mpanda. Mti wa mninga ukiupasua, katikati ni mwekundu wa kahawia, lakini pembeni, karibu na gome, una ukanda mweupe kama maziwa. Mafundi wote wanaukata ule weupe wanautupa. Mimi nikasema, huu ndio urembo. Nikachagua mbao zenye vyote viwili, nyekundu na nyeupe, ili kichwa cha kitanda na nguzo nne za chandarua ziwe na mistari, mweupe, mwekundu, mweupe, mwekundu. Bila rangi ya dukani.

Mpasuaji mmoja mzee, kifua wazi, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi, alinitazama nikizitenga.

"Bosi, hiyo nyeupe tunaitupa."

"Mnaitupa kwa sababu hamna macho."

"Macho tunayo. Na wadudu nao wanayo. Hiyo ndiyo nyama yao."

"Mzee wangu," nikamwambia, "mimi nimehifadhi nafaka kabla hujajua kushika huo msumeno. Wadudu unifundishe mimi?"

Akacheka akarudi kwenye shimo lao la kupasulia magogo.

Mbao zilikuwa mbichi, zinahitaji kukauka, na harusi ilikuwa imekaribia. Nikajiona nina akili kuliko wote. Nilizipanga ndani ya stoo yangu, juu ya magunia ya mahindi, kwenye ukuta unaopakana na injini ya mashine. Pale kuna joto mchana kutwa, hakuna mvua, hakuna mwizi. Mbao ya miezi sita ilikauka kwa miezi miwili. Niliwasimulia watu ujanja huo baa na kanisani.

Anayejua mahindi ya miaka ile ameshaelewa. Tulikuwa na dumuzi. Alikuwa ametushukia kutoka upande wa Tabora, mdudu mdogo kama punje ya mtama, mweusi, kichwa kimeinama kama mtu anayesukuma mkokoteni. Watu walimpa jina la lori kwa jinsi anavyobeba. Gunia unaliacha limejaa, unarudi unakuta unga na maganda. Mimi nilikuwa namjua vizuri sana. Nilikuwa nampigia dawa kwenye magunia. Haikunijia hata mara moja kwamba anayekula hindi lililokauka kama jiwe anaweza kuinua kichwa akaona juu yake mbao nyeupe, tamu, yenye joto.

Bwana shamba mmoja aliniambia baadaye kwamba huenda hakuwa yeye, alikuwa binamu yake wa porini aliyekuja na gogo. Nikamjibu kwamba ukoo wao haunihusu.

Kitanda kilitoka. Nitasema ukweli hata kama leo unaniuma: Mpanda ilikuwa haijaona kitanda kama kile. Hakikuwa na msumari. Nilipiga msasa wiki mbili hadi shavu la mtoto lilikuwa linakwaruza ukililinganisha. Nikapaka vanishi mara nne. Siku ya kupeleka vyombo tulikipandisha kwenye pikapu kikiwa wazi, bila kukifunika, na niliagiza dereva apite sokoni ingawa sokoni hakukuwa njiani. Watu walisimama. Paroko akaniomba nimtengenezee viwili vya nyumba ya wageni. Nikamwambia nitafikiria.

Baada ya miezi kama mitano, mvua zikiwa zimekolea, binti yangu alikuja nyumbani peke yake, kwa miguu. Alinisalimia, akakaa kwenye kiti changu kimoja, akafungua pindo la kanga. Ndani kulikuwa na unga kidogo, mweupe wa manjano.

"Huu nini?"

"Baba, ndiyo nakuuliza wewe. Kila asubuhi nafagia chini ya kitanda nakuta unga. Nikiufagia, kesho upo. Na mume wangu anasema usiku anasikia kitu kinasaga."

"Kinasaga vipi?"

"Kinasaga tu. Krr, krr. Tukiwasha taa kinanyamaza." Alifunga pindo, akafungua tena. "Wameanza kusema."

"Wanasema nini?"

"Wanasema mashine za baba zinasagishwa na wafu. Na kwamba mimi nimetumwa nikaendeleze kazi kule kwao. Mama mkwe hali chakula nilichopika tangu Jumatatu."

Nimesaga nafaka ya watu miaka mingi. Niletee unga gizani nitakuambia ni mahindi ya mwaka gani. Nilichovya kidole nikausugua. Unga wa mahindi ukiubana unashikana. Ule haukushikana. Nikaugusa kwa ulimi, ukawa mchungu kidogo, nikaisikia harufu ile iliyonipigisha chafya kanisani.

Nilijua hapo hapo. Naandika ili niseme hilo. Sikuhitaji dakika mbili.

Nikamwambia, "Hao wamekuwekea. Ni wivu. Rudi ukafagie, unyamaze, watachoka."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya maneno. Haikuwepo. Akafunga pindo akaenda.

Nilijiambia kwamba nitapata namna. Nitatuma dawa kwa siri apulizie. Nitasema nataka kukiongezea vanishi. Kumbe kitanda hukigusi, chumba huingii, dada yangu alishanipa sheria. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nilikuwa nikitoka nje watu wananiuliza, vipi, kitanda cha paroko lini? Nami nacheka. Usiku silali. Nikijigeuza kitandani, na cha kwangu hakikuwa na kosa lolote, nasikia krr.

Wiki ya tatu wakwe walituma mtu. Kuna kikao Mwamkulu, niende na ndugu zangu. Yule mjumbe hakukaa wala hakunywa maji. Kwa hiyo nikajua ni kikao cha kurudisha mtu.

Nilikwenda na dada yangu. Walikuwa wamekaa uani, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, na binti yangu peke yake kwenye mkeka karibu na mlango, sanduku lake limeshatolewa nje.

"Mwangaluka, mkwe," baba mkwe wake akanisalimia kwa lugha ya kwao. Mzee mtaratibu, fimbo magotini.

"Mwangaluka."

"Tumekuita kwa heshima. Hatuna ugomvi. Binti ana adabu, analima, anaamka mapema. Ila kuna jambo la usiku." Akamgeukia mwanawe. "Sema."

Kijana akasema akiangalia chini. "Nasikia kusaga, baba. Nikilala tu. Asubuhi kuna unga. Sijamwonea."

Mjomba wao mmoja, mnene, mwenye redio begani kana kwamba amekuja mpirani, akasema, "Mwenye mashine mbili bwana. Ya mchana tunaijua iko Makanyagio. Tulikuwa tunaitafuta ya usiku." Watu wakacheka kwa pua.

"Na umeme wake ni wa bure," mwingine akaongeza.

Nikamwangalia binti yangu. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama vile vile kama siku ile ya pindo la kanga, anasubiri. Nami nilikuwa na njia mbili. Nikinyamaza, narudi na binti, kitanda kinabaki na sifa zake, nasema wakwe ni washirikina, na Mpanda nzima itanionea huruma. Ila yeye atakuwa mchawi mpaka anazeeka. Hakuna atakayemuoa, na watoto watatumwa mbali akipita.

"Toeni kitanda nje," nikasema.

Dada yangu akanishika shati. "Kaka, usithubutu."

"Kitoeni."

Vijana wakatazamana, mzee akatikisa kichwa kukubali. Walikitoa jinsi kilivyokuwa, godoro na shuka juu yake, mto wenye alama ya kichwa. Wanawake wakageuza nyuso. Mimi baba mtu nikasimama mbele ya malazi ya binti yangu, mchana, mbele za watu. Nilisikia aibu iliyonipanda kutoka miguuni kama mchwa. Nikavuta godoro nikaliangusha pembeni. Nikamwomba mzee shoka.

Kwa nje kilikuwa bado kinang'aa. Ukiinama ndipo unaona kwenye mistari myeupe vitundu vidogo, kama vimechomwa kwa sindano, mamia. Mistari myekundu haikuguswa hata mmoja. Wamekula urembo wangu peke yake.

Nikapiga nguzo ya kwanza. Haikulia kama mti. Ilifanya pff, kama teke kwenye gunia, ikabomoka kama mkate wa wiki jana. Unga ukamwagika, debe zima la unga, na ndani ya unga wadudu weusi wakitembea na funza weupe, wanene, waliojikunja, wanapumua. Walikuwa na unyevu. Wakanipanda mikononi, wakaingia ndani ya mkono wa shati. Nikapiga nguzo ya pili, ya tatu, nikapasua kichwa cha kitanda, na kila mahali ni hao, wamelala kwa mistari, kila mmoja na chumba chake. Harufu ikatoka, ya unga uliochacha. Nikafikiri binti yangu alikuwa analaza kichwa inchi tatu kutoka hapo, na mimi najua. Kinyaa cha mende wa kochi lile kilikuwa mzaha. Kwa wadudu wale nilitema mate. Kwa aliyewafuga wiki tatu ili asichekwe, sikujua niteme wapi.

Kuku wa mama mkwe wakaja mbio, wakaanza kudonoa. Hakuna aliyewafukuza.

"Huo ndio unga," nikasema. "Na hao ndio wanaosaga. Mbao nilizikausha juu ya mahindi yenye dumuzi, na nilikatazwa huu weupe nikakaidi. Binti hajafanya kitu. Rudisheni sanduku ndani."

Mzee alichota unga kwa kiganja, akaupeperusha, akaangalia kinachobaki. Mama mkwe alikuja, akatazama, akaziba mdomo kwa kanga. Halafu alilibeba sanduku mwenyewe akaliingiza.

"Mkwe," mzee akasema, "nimeona watu wanasaga mahindi, mtama, hata ulezi. Wewe umetusagia kitanda."

Watu wakacheka, safari hii kwa midomo, hata yule wa redio. Niliwaacha wacheke. Dada yangu peke yake hakucheka. Alikuwa ananiokota wadudu mgongoni mmoja mmoja na kuwakanyaga.

Wakati wazee wamekwenda kando kujadili, binti yangu alinisogezea maji ya kunawa. Alimimina taratibu.

"Baba, ulijua lini?"

Ningeweza kusema, leo. Angeamini, au angejifanya ameamini.

"Siku ile ya kanga."

Maji yakaendelea kumwagika mpaka kopo likaisha. Aliniletea taulo, akanipa kwa mikono miwili kama anavyompa mgeni, akaingia ndani kwa mama mkwe wake. Mpaka nakwea baiskeli hakutoka, na hadi alipojifungua mtoto wa kwanza hakukanyaga kwangu.

Wazee wakarudi na hukumu. Kwa kitanda kibovu hawanidai kitu, kila mtu hukosea. Ila kwa baba kushika na kuvunja malazi ya binti na mumewe, hilo lazima lioshwe: mbuzi wawili, mmoja wa kuchinja hapo hapo, mmoja wa kubaki. Godoro lichomwe, niweke jipya, na shuka zake. Kitanda wataagiza wao kwa fundi wa mjini, chenye misumari, na mimi nitalipia nikiwa nyumbani kwangu. Sikupunguza hata senti, mimi ninayepunguza bei mpaka ya mshumaa.

Randa na patasi sijazigusa tangu siku ile. Kuanzia mbao za wapasuaji, gundi, msasa, vanishi mara nne, pikapu iliyopita sokoni, hadi mbuzi wa pili, nilitoa shilingi elfu tisini na tano, mia tano na hamsini.